Mabao Thelathini na Mawili ya Huruma

Wasee, leo kompyuta imetupatia mabao thelathini na mawili!

Niko chuoni hapa Buruburu. Nimeandika programu ya kujumlisha mabao ya timu yetu ya Huruma. Mechi ya kwanza tulifunga matatu, ya pili mawili.

Nikabonyeza kitufe.

32.

Odhis, kipa wetu, aliyeketi kando yangu, akavua kofia.

Nimehangaika nayo mchana kutwa. Kumbe niliiambia hayo ni maandishi, si hesabu, ikabandika 3 kando ya 2. Maze, haikukosea! Imenitii neno kwa neno. Mwili umenisisimka.

Nikamweleza Odhis kwamba nikiiambia ukweli, tutarudi kwa matano.

Akaitazama ile 32, akanishika mkono, akaninong'oneza: "Basi usiiambie."

Semeni nyinyi. Bado amenishika mkono.