Kofia ya Mgodini na Binti Yangu Ngoie

Nawaruhusu mnicheke, maana hata mimi nimejicheka.

Mgodi ulipofungwa, mke wangu alikwenda Kambove kuuza mikate kwa wachimbaji. Nikabaki Lubumbashi na binti yetu Ngoie, wa miaka miwili, katika nyumba iliyokuwa kimya mno. Mama jirani aliniambia, "Baba Ngoie, mutoto iko mukubwa sasa. Umufundishe kukaa ku po." Nikamjibu kwamba atajifunza mwenyewe kujisaidia kwenye chombo cha watoto akitaka. Siku hizo sikuwa na haraka ya kitu chochote.

Asubuhi moja Ngoie aliikalia kofia yangu ngumu ya mgodini, iliyokuwa imepinduliwa sakafuni, akakojoa humo. Nikampigia makofi. Tangu hapo ikawa po yake, nami nikajiona baba hodari.

Wiki iliyopita sisi wafanyakazi wa zamani tuliitwa kusikia kama kazi itarudi. Nilikwenda naye, kwa kuwa sikuwa na wa kumwachia. Wenzangu walikuja na kofia zao, zimesuguliwa hadi zinang'aa. Mzee Kalenga, aliyekuwa mkuu wetu wa zamu, aliiweka yake chini, kando ya kiti. Ngoie akainua gauni, akaikalia, kisha akanitazama akingoja makofi.

Hakuna aliyecheka. Mzee Kalenga aliniuliza polepole, "Kumbe ku nyumba njo vile anafanyaka? Mu kofia yako?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Basi weye hauko unangojea kazi tena," akasema, na wote wakanigeukia.