Kishimo cha Hina

Sada alikuwa fundi wa hina. Mtu aliyewapamba mabibi harusi wa Mwanza kwa miaka kumi na minane hapotezi nyumba yake hivi hivi. Ndivyo alivyojiambia bajaji ilipopita kona ileile ya Mabatini kwa mara ya tatu.

Alikuwa amehamia kwao Tabora mumewe alipofariki, miaka ishirini iliyopita, na sasa amerudi kutembea pamoja na Fadhila, binti yake wa pekee. Fadhila aliishi Dodoma. Mwaka mzima alikuwa akimsihi mama ahamie kwake, maana siku hizi mama huyo alikuwa akisahau sufuria jikoni mpaka inaungua. Wakiwa kwenye basi, Sada alichoka kusihiwa akatoa kauli: akiikosa nyumba aliyomzalia Fadhila, atafunga virago aende Dodoma bila neno. Kauli za kwenye basi ni rahisi.

Zamani ukisimama mlangoni pao uliliona ziwa. Leo ghorofa limesimama hapo kati, duka la Mbaruku limekuwa saluni, na mwarobaini uliokuwa mbele yake haupo. Venant, dereva wa bajaji, alisema kwa upole kwamba mji umebadilika, bibi, hata wenyeji wanapotea.  Fadhila alimshika tu mama yake mkono, na mkono ule ulimuuma Sada kuliko ugomvi. Aliogopa. Je, kama kweli akili zinaondoka?

Akafumba macho kidogo, kisha akamwambia Venant asimame.

"Nimekosea," alisema. "Natafuta nyumba. Hapa mtu hutafuta jiwe."

Na kweli. Mwanza nyumba hubomolewa, lakini jiwe huombwa radhi na kuzungukwa. Sada akashuka, akaacha kutazama milango, akatazama juu ya mapaa mpaka akaliona jabali la uani kwao, lenye ufa mgongoni. Akapita uchochoro, huku Fadhila akimfuata mbio. Nyuma ya nyumba ya matofali wakamkuta mwanamke anaanua nguo, jina lake Paskazia. Sada akapiga hodi, akaomba aguse jiwe lake. Paskazia alicheka, akawakaribisha kama watu wa nyumbani.

Chini ya jabali kulikuwa na kishimo laini, kimejaa maji. Paskazia alieleza kuwa wao huwanyweshea kuku hapo, wala hawajui nani alikichimba.

Sada alichutama, akatia kiganja ndani. Kilienea. Mama mkwe wake alisagia hina hapo, naye akarithi, bibi harusi baada ya bibi harusi. Hata asubuhi ile uchungu wa Fadhila ulipomshika, alikuwa anasaga.

Fadhila alichutama kando yake akilia waziwazi.

"Nisamehe, mama. Sitakwambia tena habari za kuhama."

Sada alijisikia mshindi, kisha akamtazama binti yake, mvi mbili tatu zikichungulia kwenye mtandio. Akaona kwamba mwaka mzima mtoto huyu hakuwa akimdharau. Alikuwa akimwogopea, kama yeye alivyoogopa kwenye bajaji. Akakausha kiganja kwenye kanga.

"Huko Dodoma kwako," aliuliza, "uani pana jiwe?"

"Lipo, mama. Kubwa."

"Basi nitafutie na majani ya hina."