Samadi ya Fondo

Mume wangu ananuka mbuzi. Naanza na hilo kwa sababu majirani wote wa Mbaraki wanataka kuniuliza na hakuna mwenye ujasiri. Naam, ananuka mbuzi, tena ananuka na kabichi iliyooza, na si kwamba haogi. Anaoga, jamani! Harufu imeshaingia kwenye ngozi, na mimi nimechoka kupigana nayo.

Fondo ni hamali. Anasukuma mkokoteni kutoka Marikiti hadi Mji wa Kale, vitunguu, nazi, mchele, chochote atakachopakiwa. Tunakaa chumba kimoja, na mimi nauza chai na mahamri nje ya lango la gati. Mtu mwenye kazi kama yake, siku ya kupumzika angelala. Wenzake wanalala, wakiamka wanatazama mpira. Fondo wangu hujitwika gunia la samadi, akavuka Feri, akapanda gari kwenda Kinango kwa mamake. Akirudi hana nguvu hata ya kuvua viatu, namvua mimi.

Shida ni shamba. Mavyaa wangu, huyo mamake Fondo, Mama Nyevu, amelima mahindi pale pale tangu aolewe, mahindi juu ya mahindi, bila kuurudishia udongo chochote. Hata mabua walikuwa wakiyachoma moto kila mwaka kabla ya mvua, wakisema ndio usafi wa shamba. Mwishowe udongo ukachoka. Mahindi yakawa yanatoka ya manjano tangu machanga, na ukimenya unakuta gunzi jembamba kama kidole, punje hapa na pale.

Basi baba mdogo wa Fondo, Mzee Mung'aro, mwenye kauli juu ya ardhi ya ukoo, akapata la kusema. Ardhi isiyozaa ya nini? Wapewe wachimba kokoto, angalau ukoo uone faida. Mama Nyevu akamsihi. Pale ndipo alipozalia watoto wake, ndipo alipozikwa mumewe, na wachimba kokoto wakishapita hapabaki ila mashimo. Mzee akakubali kungoja masika na vuli ya mwaka ule. Mahindi yasipoeleweka, shamba linakwenda.

Fondo akaapa mbele yao kwamba atautia udongo nguvu. Mbolea ya dukani hatukuiweza, kwa hiyo akaanza kutazama mjini watu wanatupa nini.

Na hapo ndipo alipoharibu. Alikuwa amesikia kwamba samaki ni mbolea nzuri, na ni kweli. Sasa, Mji wa Kale kuna maghala ya ng'onda, wale samaki wa kukaushwa kwa chumvi, na Fondo hupeleka mizigo huko. Akaomba vichwa, mapezi na takataka zote za sakafuni. Wakampa mbio mbio, wakimcheka. Siku aliyopita nazo Feri, watu walimpisha njia kama bwana harusi. Akatia konzi moja katika kila shimo la mbegu, shamba zima. Mtu anayekula ng'onda na wali wa nazi kila wiki, haikumjia hata mara moja kwamba samaki yule ni chumvi tupu.

Mahindi yaliota, yakajikunja, yakaungua ncha, yakafa. Mama Nyevu akachukua udongo kidogo, akautia ulimini, akatema.

"Fondo, mwanangu, umenitilia chumvi."

Basi, hakusema zaidi. Lau angemgombeza! Fondo alirudi akakaa kitandani, chakula hakukigusa. Nikamwambia, "Ebo! Wewe hujui ladha ya ng'onda?"

"Ketty, nyamaza, tafadhali."

Nikakifunika chakula. Afadhali masika ya mwaka ule yalikuwa mazito, yakaiosha ile chumvi. Ikabaki vuli.

Kule Kibokoni kuna Bi Mwanakuu, mteja wake Fondo wa zamani, anayefuga mbuzi uwanjani kwake. Siku moja nilipompelekea mahamri akaniuliza, "Mumeo yuwatakani na mavi ya mbuzi? Siku hizi hata hayo yana soko?"

"Ni ya shamba la mamake, Bi Mwanakuu."

"Maskini! Basi na aje achukue yote, anifagilie na uwanja."

Fondo akawa anafagia uwanja wa Bi Mwanakuu akishamaliza kusukuma mkokoteni. Akitoka hapo anarudi Marikiti kuokota majani ya kabichi na maganda ya ndizi. Vyote vinalala mlangoni kwetu mpaka siku ya kwenda Kinango. Huko walichimba shimo, wakapanga tabaka la samadi, tabaka la majani, tabaka la mabua, wakamwagia maji na kufunika. Kwa mabua walitaka kugombana. Mama Nyevu alishakuwa na kiberiti mkononi, Fondo akamshika mkono, akamwomba kama anayeomba roho yake. Baada ya muda wakageuza, wakafunika tena, hadi ikawa nyeusi na laini, haina harufu hata kidogo. Samadi ikaacha kunuka, mume wangu bado.

Tena alikuwa anakwisha. Bega lilivimba, mashavu yakaingia ndani, kikohozi hakimwachi. Kuna siku alisinzia amesimama katika feri, akavushwa hadi Likoni, akarudishwa kisiwani, gunia kichwani. Alinisimulia akicheka. Mimi sikucheka, nilikasirika, na sikujua nimkasirikie nani.

Vuli ilipofika, samadi ilitosha kipande cha karibu na nyumba tu. Huko kwingine walipanda hivi hivi.

Mama Nyevu alikuja mwenyewe Mbaraki, bila kutuarifu, na kikapu cha mahindi mabichi. Nikayachemsha. Magunzi yamejaa punje mpaka nchani, matamu. Fondo alikula amefumba macho.

"Mzee Mung'aro ameyaona?" akauliza.

"Ameyaona. Kile kipande amesema kibaki changu mpaka nife, na kaburi la babako litakuwa ndani yake. Kwingine nimemwachia."

Fondo akaweka hindi chini. "Umemwachia? Mama, si umeona kwamba inawezekana? Nipe masika mengine tu. Nitaleta ya shamba zima."

"Nimeona."

"Sasa mbona?"

Mama Nyevu alikuwa anamtazama mikono.

"Safari yako ya mwisho nilikuwa kwenye kizingiti," akasema. "Nikaona mtu anakuja kwa mbali na gunia, anajikokota. Nilidhani ni marehemu babako. Mwanangu, nilikudhania babako, na yeye alikufa mzee."



"Udongo ninao wa kunitosha," akaendelea. "Sikukuzaa nikutie shimoni pamoja na mavi ya mbuzi. Ukija tena, uje mikono mitupu."

Fondo akamkodolea macho. Kwao, na hata kwetu bara, mtoto haingii kwa mzazi mikono mitupu, ni aibu kubwa. Hata sukari kidogo, hata sabuni, lazima ushike kitu.

"Nitaingiaje kwako mikono mitupu, Mama?"

"Utaingia. Mimi ndiye ninayekuambia."

Fondo akaanza kulia. Sikuwahi kumwona akilia tangu anioe. Mama Nyevu akamvuta, akamlaza kichwa mapajani, mwanamume mzima mwenye mvi, naye akalia mpaka usingizi ukamchukua mchana kweupe. Mimi na mavyaa wangu tukakaa pale, tukimfukuzia nzi, hadi jua likatua, na hakuna aliyetaka kumwamsha.