Dafroza Alivuka Ziwa Asilione

Harufu ya ndizi zilizovundikwa shimoni ikinifikia, hata nikiwa katikati ya soko la Kasulu, naliona gogo letu la pombe. Kwetu tunaliita mvure: gogo refu lililochongwa tumbo wazi kama mtumbwi, la kukamulia ndizi. Mama alilirithi kwa baba yake huko Kibondo. Ndani ya gogo hilo mdogo wangu Dafroza alifundishwa kusafiri majini. Cheka tu, hata mimi nacheka. Sisi watu wa milimani, boti tungeijulia wapi? Lakini kwaya ya kanisa letu la kigango ilipotangaza matembezi ya boti kutoka Kigoma, kwenda na kurudi siku hiyohiyo, Mama aliliosha gogo, akalilaza juu ya magome ya migomba, akamketisha Dafroza ndani na kuliyumbisha kila asubuhi. "Hivi ndivyo ziwa linavyofanya," alimwambia, na yeye mwenyewe hajawahi kupanda hata mtumbwi.

Dafroza alikuwa mtoto wa miaka tisa hivi. Maneno yake yalikuwa machache. Kelele zilimuumiza, na mtu akimshika ghafla alipiga ukelele. Lakini neno "maji" alilisema vizuri kuliko jina lake. Kijito cha bondeni angekitazama mpaka umbebe. Kuliona ziwa ndiyo haja yake pekee tuliyowahi kuielewa, na Mama aliapa ataliona.

Sasa, salamu yetu sisi Waha si jambo la kupita. Mkubwa unamwinamia, unampa mikono miwili, anakuuliza habari za nyumbani, za ng'ombe, za shamba, na mikono haiachwi mpaka habari ziishe. Siku ya safari tulipanda kungali giza, na boti ilijaa wakubwa. Mzee wa kwanza akamshika Dafroza mikono, akamwamkia kwa Kiha: "Mwakeye, mwana?" Dafroza akajivuta. Akaja wa pili, akaja wa tatu. Honi ikalia juu yetu, naye akapiga ukelele na kuingia chini ya benchi.

"Mtoto gani huyu hasalimii?" mama mmoja akauliza. "Mmemlea na mbuzi?"

Watu wakacheka. "Mbuzi wangu wanasalimia, dada," Mama akajibu. "Huyu mwacheni tu, atatulia."

Hawakumwacha. Walimvuta kutoka chini ya benchi, wakamwekea mikono kichwani, wakaomba kwa sauti. Walivyozidi kuomba ndivyo alivyozidi kulia, na alivyozidi kulia ndivyo walivyozidi kumwona ana pepo. Nataka niwatendee haki: wengine walikuwa wanatoa machozi ya kweli, na yule mama aliyetutania kwa mbuzi ndiye aliyevua kitenge chake amfunike. Hata Gervasi, kiongozi wa kwaya, hakuwa mtu mbaya. Aliogopa mtoto asije akajirusha. Labda angejirusha, mimi nimeishia darasa la saba, siwezi kuapa juu ya kichwa cha mtu. Lakini uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, na mzazi alikuwa amesimama pale pale.

"Apelekwe chini, mama Dafroza," Gervasi akasema. "Akituzamia huyu, nitawaambia nini watu?"

"Aketi nami hapa pembeni, nitamshika. Ameshazoea kuyumba."

"Amezoea wapi?"

"Kwenye mvure."

Walicheka mpaka wakashikana mabega. Kicheko hicho bado ninacho tumboni.

Tulikaa chini, kwenye chumba cha mizigo, sisi watatu na magunia yenye harufu ya dagaa. Hakikuwa na dirisha. Juu yetu waliimba sifa za Muumba wa maji. Boti ilipoanza kuyumba, Dafroza akanyamaza, akayumba nayo taratibu kama alivyofundishwa. Mama hakukosea hata kidogo. "Maji?" Dafroza akauliza. Mama akamwonyesha ukuta wa chuma. Yalikuwa nyuma ya ukuta huo, tuliyasikia yakipiga. Dafroza akaweka kiganja ukutani na hakukiondoa mpaka tuliporudi bandarini. Walimtoa wamemfunika kitenge kichwani, asije akashtuka.

Mwenye kovu usidhani kapoa. Lakini nakiri mambo yamebadilika. Siku hizi kuna neno la hali ya Dafroza, usonji, na watoto wadogo hapa mtaani wanalijua. Mama amezeeka. Dafroza ni mtu mzima, na jioni bado anakaa kwenye lile gogo, limepasuka upande mmoja. Majuzi alikuja kiongozi mpya wa kwaya, kijana mpole aliyehudhuria semina ya usonji. Alimsalimia Dafroza kwa mbali, bila kumgusa, nikasema moyoni, huyu kafundishwa. Akasema kuna matembezi tena, na safari hii wamemfikiria: ametengewa chumba chake cha chini, kimya, chenye godoro.

Mama akamuuliza: "Kina dirisha?"

Kijana akasema atauliza. Hajarudi.