Waliniambia Pole Wakidhani ni Kiingereza

Watoto ishirini na wawili walisimama mbele ya wazazi wao, wakaniangalia nikiwa nimelala chali sakafuni, wakasema kwa sauti moja:

"Pole sana, ticha!"

Ukumbi mzima ukapiga makofi.

Sasa shida ni hii. Nilikuwa nchi ya mbali, ambako Kiswahili hakijulikani hata kwa kusikia. Na mimi sikuajiriwa kufundisha Kiswahili.

Niliajiriwa kufundisha Kiingereza.

Ngoja nianze mwanzo, maana ukisikia hivi hivi utadhani mimi ndiye niliyeonewa.

Nilienda ughaibuni na shahada ya ualimu, pamoja na kichwa kikubwa kuliko shahada yenyewe. Kazi ya kwanza niliipata kwenye kituo cha tuisheni, ghorofa ya tatu, juu ya duka la viatu. Vyumba vidogo, kuta za vioo, kiyoyozi kinakoroma kama mgonjwa. Watoto walikuja jioni wakitoka shule, mikoba imewazidi kimo. Wengine walisinzia na penseli mkononi.

Mwenye kituo alikuwa mama mmoja mfupi, mkavu, mwenye kengele ya mkononi. Kimoyomoyo nilimwita Mama Kengele. Vipindi sita mfululizo, dakika arobaini kila kimoja, ukitaka kwenda chooni unaenda mbio. Kila Ijumaa aliwapa watoto jaribio, halafu ananiita.

"Sita wamekosa vitenzi vya wakati uliopita. Kwa nini?"

"Wamechoka, mama."

"Uchovu wao naujua. Nakuuliza somo lako."

Nilikuwa simpendi, nisikufiche.

Baada ya miezi minane nikapata nafasi shule binafsi ya msingi. Mbona nilivimba! Siku ya kuaga nikamwambia, "Mama, mimi ni mwalimu. Hapa ni kiwanda."

"Haya," akasema, akaendelea kusahihisha daftari.

Hata kichwa hakuinua.

Shule ile, ndugu zangu, ilikuwa raha. Meza yangu mwenyewe. Kiti cha kuzunguka. Saa nane mchana nimeshamaliza. Nikatuma picha kwenye kundi la familia. Shangazi akaandika, "Hongera baba, sasa umekuwa mtu." Mjomba akauliza kama kiti kinazunguka kweli.

Nikamtumia video.

Na kazi yenyewe? Nyimbo. Picha za wanyama. Kuruka ruka. Hakuna jaribio, hakuna wa kukuuliza. Mwalimu mkuu, mzee nadhifu wa tai, alipita dirishani, akisikia vicheko ananipa dole gumba. Nikajua nimefika.

Kwa kuwa hakuna aliyenikagua, ulimi nao ukajiachia. Mtoto akijikwaa, "Pole sana." Akikatwa na karatasi, "Pole sana." Akisahau chakula chake nyumbani, "Aa, pole sana." Mimi mwenyewe sikujisikia.

Watoto walinisikia.

Mwezi wa tatu ikaja siku ya wazazi. Nikavaa suti. Nikawa narudi nyuma kwa madaha, mkono mmoja juu, nawaonyesha picha ya tembo ukutani. Kisigino kikanasa kwenye waya wa projekta.

Nilikwenda chini kama gunia la mahindi.

Ndipo likatoka lile, "Pole sana, ticha!"

Makofi yalipotulia, baba mmoja akainua mkono. "Mwalimu, hayo maneno mbona hatuyajui?"

Hapo ndipo pa kusema ukweli. Mlango ulikuwa wazi kabisa. Mimi nikajikung'uta vumbi, nikanyoosha koti, nikasema:

"Hicho ni Kiingereza cha heshima ya juu. Vitabu vya kawaida havina."

Wazazi wakatoa simu, wakaandika. Mwalimu mkuu akafurahi mpaka akaagiza bango. Herufi za dhahabu, pale juu ya ngazi: POLE SANA.

Kila asubuhi nikawa nalipita huku nakagua viatu vyangu.

Wiki tatu baadaye shule ilipeleka mtoto mmoja kwenye mashindano ya kuhutubia kwa Kiingereza. Alichaguliwa binti wa miaka minane, kidomo chepesi, meno mawili ya mbele yameng'oka. Nilimwita Kipengo. Niliwaambia walimu wenzangu, "Huyo nimempika mwenyewe."

Sikuwapo. Mwalimu wa darasa ndiye aliyenisimulia. Katikati ya hotuba, jaji mmoja alimwagia maji karatasi zake. Kipengo akanyamaza, akamgeukia, akamwambia, "Pole sana."

"Hiyo ni lugha gani?" jaji akauliza.

"Kiingereza. Ticha wangu kasema."

Ukumbi ukaangua kicheko. Akashika mkia.

Kesho yake asubuhi Kipengo alinikuta mezani. Hakulia. Afadhali angelia.

"Ticha, pole sana ni Kiingereza?"

Nilikuwa na uongo mwingine tayari, tena mzuri, wenye mifano. Nikaliangalia lile pengo. Nikashindwa.

"Hapana. Ni lugha ya nyumbani kwetu. Niliwadanganya."

Akawaza. "Sasa kwa Kiingereza tunasemaje?"

"Sori."

"Sori si ukikosea? Maji sikumwaga mimi."

Nikaenda moja kwa moja kwa mwalimu mkuu, nikatapika yote.

Mzee alinisikiliza, tai yake ikipanda na kushuka. "Mama wa yule mtoto anakuja kesho saa tatu. Utamweleza wewe mwenyewe. Akimwondoa mtoto, na wewe utaondoka."

Na kibali changu cha kuishi nchi ile kilishikwa na shule. Kuondoka shule maana yake ni uwanja wa ndege.

Siku ile nilishinda nikifanya mazoezi ya kuomba msamaha mbele ya kioo cha bafuni. Nilijaribu sura tatu za majuto. Ya tatu ilikuwa nzuri.

Mama Kipengo alikuwa muuguzi. Alikuja moja kwa moja kutoka zamu, na viatu vyeupe vya kazi. Nikaanza hotuba yangu: uongo, aibu ya mtoto, bango, kila kitu. Nikaweka na ile sura ya tatu.

Akanisubiri nimalize. Halafu akatoa karatasi mkobani, akainyoosha mezani.

"Hizi ni alama za majaji. Soma."

Kujiamini, nane kwa kumi. Adabu, kumi kwa kumi. Pembeni jaji ameandika: mtoto ana huruma.

Sarufi, mbili.

"Kila jambo la jana amelisema kana kwamba linatokea sasa hivi," akasema. "Hilo neno lako ndilo pekee alilolisema mahali pake. Sikuja kwa ajili ya neno. Nimekuja kuuliza, miezi yote hii ulikuwa unamfundisha nini?"

Nikamtazama mwalimu mkuu. Yeye akaitazama tai yake.

"Nyimbo," nikasema.

"Ngapi?"

"Tisa."

"Kuna hata moja yenye wakati uliopita?"

Ile sura ya tatu sijui ilikimbilia wapi.

Wiki zote zile nilikuwa naogopa kuumbuliwa kwa maneno mawili ya Kiswahili, kumbe kilichonimaliza ni Kiingereza nilichoajiriwa kukifundisha.

"Simwondoi shule," akasema huku akisimama. "Marafiki zake wako hapa. Lakini jioni nampeleka tuisheni, pale juu ya duka la viatu. Nasikia mama wa pale ni mkali."

"Ni mkali," nikajibu, sauti imenitoka nyembamba kama ya mtoto. "Mpeleke, mama. Tena mpeleke leo."

Bango nililitoa mwenyewe siku hiyo hiyo. Darasani nikawaeleza watoto ukweli. Wakacheka mpaka mmoja akaanguka kutoka kwenye kiti, na unajua wenzake walimwambia nini.

Ijumaa nikawapa jaribio la wakati uliopita. Kati ya ishirini na wawili, walipita watatu. Nilikaa na zile karatasi nikaona ni mtihani wangu, na nimefeli vibaya. Jumatatu tukaanza upya, jana na juzi, kitenzi kwa kitenzi. Vicheko vikapungua. Dole gumba la dirishani nalo likapotea.

Jumapili mama yangu akanipigia simu.

"Kazi inaendaje, mwanangu?"

"Nzuri, mama. Siku hizi nafundisha."



"Na siku zile?"

Nilimwambia mtandao unasumbua.

Mwenzangu unayesoma, nikuachie hili. Kazi isiyo na wa kukuuliza ni tamu, lakini inakuozesha taratibu huku unanenepa. Jiulize mwenyewe mapema. Usingoje mpaka mtoto wa mtu asimame mbele ya watu, achekwe kwa niaba yako.