Chura Asiyebadilika Rangi

Nyawira, binti wa fundi cherehani wa Karatina, aliacha ualimu wa sekondari ili awatazame vyura wakibadilika rangi. Aliwafuga katika chumba cha nyuma cha maabara, kwenye chuo kikuu kimoja pale Nyeri: vyura wa majini wenye makucha, aliowavua mwenyewe kwenye bwawa la shamba karibu na Othaya. Ukimweka chura wa aina hiyo kwenye beseni jeusi, anakuwa mweusi. Ukimhamishia jeupe, anapauka. Nyawira alitaka kujua kichwa kinaiamuruje ngozi.

"Hebu nieleze," mama yake, Wamucii, alimwambia siku moja akiwa na pini mdomoni. "Hiyo kitu unasoma ni nini?"

"Mama, ukipewa jora la kitambaa, si unakata shati, unakata kaptura, na kipande kinachobaki unatoa mfuko?"

"Sawa."

"Chini ya ubongo wa chura kuna tezi. Inatengeneza protini moja ndefu kama hilo jora, halafu inaikatakata. Kipande kimoja kinafanya ngozi iwe nyeusi, kingine kinatuliza maumivu. Mimi nasoma jeni, yaani maagizo ya kutengeneza jora. Hawa vyura wako na nakala mbili za hayo maagizo."

Wamucii akatoa pini mdomoni. "Na ukaacha kazi ya serikali."

Mwaka wa pili akapatikana chura jike ambaye hakubadilika. Kwenye beseni jeusi, kahawia. Kwenye jeupe, kahawia vilevile, kama mtu anayevaa koti lile lile harusini na matangani. Moyo ulimruka Nyawira. Ikiwa jeni imeharibika katika nakala zote mbili, wasomi wangesafiri kutoka mbali kuja kumwona. Alimweleza msimamizi wake, Profesa Mburu. Profesa akaieleza idara nzima. Jumapili mama yake akapeleka habari kanisani, na mchungaji akamwombea chura.

Wakakata kipande kidogo cha utando wa mguu, wakakipeleka Nairobi jeni zisomwe. Majibu yakarudi: nakala ya kwanza nzima, nakala ya pili nzima.

"Basi shida iko kwenye tezi yenyewe," Profesa Mburu alisema. "Mfungue."

Kumfungua ni kumuua kwanza, kwa sababu tezi hiyo haizidi punje ya wimbi na imejificha chini ya ubongo. Nyawira alikuwa amewafungua wengine bila kusitasita. Asubuhi ile aliandaa dawa ya usingizi na mikasi, kisha akasimama tu juu ya mabeseni, mkono hewani. Kivuli cha mkono kilipopita, vyura wengine wote walizama chini mbio. Yule wa kahawia hakutikisika.

Akapitisha mkono tena. Kimya. Akammulika machoni kwa tochi. Hakujali. Akadondosha kipande cha ini majini, na chura akakifikia kabla ya wenzake, kwa kunusa. Ndiyo maana hakuna aliyemshuku. Alikuwa mlafi kuliko wote.

Nyawira akakaa sakafuni. Baadaye akapiga simu.

"Prof, haoni."

"Haoni nini?"

"Haoni chochote. Ni kipofu. Hajui beseni ni la rangi gani."

"Na tulishamwambia mkuu wa kitivo," Profesa Mburu akasema.

Kwenye semina ya idara, Nyawira alisema katika sentensi ya kwanza kwamba chura wake ni kipofu. Mtu mmoja nyuma akacheka, wengine wakafuata. Akawangoja wamalize. Kisha akaeleza: maagizo mazima, ngozi nzima, kinachokosekana ni habari kutoka machoni. Je, jicho likiona giza, ni nakala ipi kati ya hizo mbili inayoamshwa kwanza? Hakuna aliyecheka tena. Profesa Mburu akaomba arudie swali.

Swali hilo likawa utafiti wake. Lilimchelewesha, likamliza mara kadhaa, mwishowe likampa shahada ya uzamifu. Chura wa kahawia hakufunguliwa. Nyawira alipopata kazi Murang'a, alihama naye ndani ya ndoo yenye kifuniko kilichotobolewa.

Wamucii huwaambia wateja kwamba binti yake ni daktari wa macho. Wakiuliza hospitali gani, anajibu, "Murang'a," na kuendelea kushona.