Tarehe ya Mfano

Niliandika maelekezo ya programu inayokagua data za wanafunzi zinazojazwa na akili bandia. Kwenye sheria ya tarehe, niliweka mfano: siku aliyozaliwa binti yangu. Kesho yake mama mmoja, mkuu wa shule hapa Kamina, akanipigia.

"Papa, batoto bote ba mwaka wa kwanza balizaliwa siku moja?"

Akili bandia, iliyosoma maelekezo hayo, ilikuwa imenakili mfano wangu kila palipokosekana tarehe, na programu, kwa kuwa tarehe iliandikwa kwa muundo sahihi, ikapitisha yote. Nikaufuta mfano kwa hasira. Mchana mama mkuu akapiga tena, maana naye alisoma maelekezo yaleyale, ambayo sasa hayakuonyesha tarehe iandikwe vipi.

"Sasa miye niandike tarehe namna gani?"

Nikapanda baiskeli hadi shuleni kwake, tukafungua daftari lake la kuandikishia wanafunzi, tukasahihisha mtoto mmoja mmoja, nikiguna mpaka tulipomaliza.